Nahodha Hutoka Parokiani: Hotuba Kuhusu Ubingwa wa Kaunti ya Kerry

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, karibuni tukae. Nyie vijana mliojibanza nyuma karibu na mlango sina haja ya kuwauliza hali, jezi mlizovaa zinajieleza. Naona upande mmoja klabu ya Austin Stacks, upande wa pili klabu ya John Mitchels. Nawaomba muwe watulivu mpaka nimalize.

Nimeombwa niwaeleze wazazi asili ya huu mpira wa Kigaeli ambao watoto wetu wameuingia hapa Tralee, kaunti ya Kerry, Ayalandi, kabla sisi wenyewe hatujaujua. Wengi wetu tumekulia kwenye soka. Tulipofika Kerry tukakuta mpira unadakwa kwa mikono, milingoti ya goli inapaa juu kupita mwamba, na matokeo yanatangazwa redioni hivi: moja-kumi na tano kwa sifuri-kumi na saba. Nitaanza na hesabu hiyo, maana asiyeijua mengine yatampita.

Timu ina wachezaji 15. Mpira unapigwa kwa mguu au kwa ngumi. Unaruhusiwa kuushika, ila huruhusiwi kwenda nao zaidi ya hatua nne bila kuudundisha chini au kujipigia kwa mguu ukarudi mkononi. Ukiingia wavuni ni goli, na goli lina pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba katikati ya milingoti ni pointi moja, na tangu 2025 ukiupiga kutoka nje ya tao la mita 40 unahesabiwa mbili. Namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni pointi. Kwa hiyo 1-15 ni 18, na 0-17 ni 17. Shikeni matokeo hayo kichwani, nitayarudia, kwa sababu Kerry hawajayasahau tangu 1982.

Jambo la pili: hakuna anayelipwa. Yule mnayemwona kwenye televisheni Julai, uwanja wa Croke Park ukiwa umefurika mashabiki zaidi ya elfu themanini, Jumatatu yuko darasani anafundisha au yuko juu ya paa la mtu anafunga umeme. Na hachezei klabu aliyoinunua au iliyomnunua. Anachezea parokia alikolelewa. Akifanya vizuri huko, anaitwa kwenye timu ya kaunti. Msimu wa kaunti ukiisha anarudi parokiani kwake, anakutana uwanjani na wenzake wale wale wa timu ya kaunti, safari hii wakiwa wapinzani, na huwa hawaoneani huruma.

Mashindano hayo ya parokia kwa parokia ndiyo ubingwa wa kaunti. Kila kaunti ya Ayalandi inayo ya kwake. Mnaweza kuniuliza kwa nini nizungumzie ya Kerry, mbali na kwamba ndiko tunakoishi. Jibu langu ni moja. Hapa, klabu au wilaya inayotwaa ubingwa wa kaunti haipewi kombe peke yake. Inapewa haki ya kumteua nahodha wa timu ya kaunti kwa msimu unaofuata. Kocha hana kauli, wala wachezaji hawapigi kura. Waliobeba Kombe la Askofu Moynihan mwezi wa Oktoba au Novemba ndio wanaosema nani atavaa unahodha wa Kerry mwaka utakaofuata, na kama Kerry itashinda, nani atapanda jukwaani Croke Park kupokea Kombe la Sam Maguire, lile la ubingwa wa Ayalandi nzima, mbele ya nchi nzima.

Ndugu zangu mliotoka Tanzania, hebu pigeni picha. Yanga wachukue ubingwa wa ligi, halafu kwa sababu hiyo wapewe haki ya kumtaja nahodha wa Taifa Stars, hata kama mteule wao anakaa benchi. Simba wangelala usiku huo? Naona mnacheka. Basi hapa watu wameishi hivyo zaidi ya miaka mia moja, na wanaotaka utaratibu ubadilishwe wamekuwapo muda wote huo huo.

Umetoka wapi utaratibu huu? Turudi nyuma kidogo.

Chama cha michezo ya Kigaeli, ambacho kila mtu hapa anakiita GAA, kiliundwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli ya Hayes, mji wa Thurles, kaunti ya Tipperary. Michael Cusack na wenzake walitaka michezo ya asili ya Waayalandi isimezwe na ile ya watawala Waingereza. Mlezi wao mmojawapo alikuwa Askofu Mkuu Croke, ambaye jina lake mnalisikia kila siku: Croke Park ya Dublin, na klabu ya Dr Crokes ya Killarney. Kerry ilipata bodi yake ya kaunti mwaka 1888, na ubingwa wa kwanza ukachezwa 1889. Walioutwaa ni Laune Rangers wa Killorglin, wale wa mji wa maonyesho ya mbuzi, Puck Fair, ambao baadhi yenu mmewapeleka watoto Agosti.

Sasa tega sikio hapa. Siku zile hapakuwa na timu ya kaunti kama tunavyoielewa leo. Klabu iliyotwaa ubingwa wa kaunti ndiyo iliyokuwa kaunti. Ilikwenda kwenye mashindano ya Ayalandi nzima na jezi yake na nahodha wake. Kerry ilipofika fainali ya kwanza ya Ayalandi nzima, ile ya ubingwa wa 1892, uwanjani walikuwa Laune Rangers, wakiongozwa na J.P. O'Sullivan, mwanariadha aliyekuwa na sifa nchi nzima. Walifungwa na Young Irelands ya Dublin. Ni katika mwaka huo huo wa mashindano ndipo sheria ilipolegezwa: bingwa wa kaunti akaruhusiwa kuongeza wachezaji kutoka klabu nyingine za kaunti yake. Lakini timu ilibaki mali ya bingwa, na uongozi ulibaki kwake. Baadaye bodi ya kaunti ikachukua kazi ya kuchagua wachezaji, na mambo mengine yote yakahama mikononi mwa klabu. Unahodha tu ndio haukuhama. Haki mnayoiona leo ni kipande cha zamani ambacho Kerry walikataa kukitupa.

Hata rangi mlizovaa, vijana, ni za klabu. Kerry ilishinda Ayalandi nzima kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa 1903, ambao kwa ucheleweshaji wa enzi hizo fainali zake zilichezwa 1905. Ilibidi wakutane na Kildare mara tatu ndipo mshindi apatikane. Bingwa wa kaunti alikuwa Tralee Mitchels, hao hao John Mitchels wa leo, nahodha akiwa mtu wao, Thady O'Gorman, na kijani na dhahabu zilikuwa rangi zao. Kaunti ikazichukua, haikuzirudisha tena. Mwaka uliofuata wa mashindano, 1904, wakashinda tena, na nahodha alikuwa kijana wa Mitchels aliyeitwa Austin Stack.

Naona mmoja wenu ameguna. Ndiyo, ni yule yule. Huyo nahodha aliingia katika harakati za uhuru, akafungwa, akagoma kula gerezani, akawa waziri katika serikali ya wapigania uhuru. Alipofariki 1929, klabu ya mtaa wa Rock Street hapa mjini ikajipa jina lake. Na uwanja wa kaunti mnaoupita mkienda kituo cha treni unaitwa Austin Stack Park. Kwa hiyo klabu yenye jina la nahodha wa Mitchels ndiyo hasimu mkubwa wa Mitchels. Tralee ndivyo ilivyo.

Ukitaka kuijua historia ya mji huu, soma majina ya klabu zake. Kerins O'Rahilly's, watu wa Strand Road, wamebeba majina mawili. Wa kwanza kubebwa alikuwa O'Rahilly, mzaliwa wa Ballylongford kaskazini mwa kaunti, aliyeuawa kwa risasi Dublin katika maasi ya Pasaka 1916 dhidi ya Waingereza. Jina la Charlie Kerins likaongezwa baadaye. Huyu alikuwa kijana wa hapa, aliyekuwa kwenye kikosi cha O'Rahilly's kilichotwaa ubingwa wa kaunti 1939. Alinyongwa katika gereza la Mountjoy Desemba 1944, akiwa kiongozi wa IRA, jeshi la siri la wapigania jamhuri. Na ubingwa ule wa 1939 ulimpa unahodha wa Kerry mwenzake wa klabu, Dan Spring, aliyenyanyua Kombe la Sam Maguire 1940 na kisha akakaa bungeni tangu 1943 hadi 1981. Medali zilikuwa za aina moja. Mmoja akaishia kwenye kitanzi cha serikali, mwingine kwenye kiti cha bunge. Sisemi zaidi, kila familia ya mji huu ina maoni yake juu ya hilo na mimi ni mgeni.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu tumefika kwenye kisa ambacho kwangu kinatosha kuutetea utaratibu huu wote.

Mkataba na Uingereza wa kumaliza vita vya uhuru ulipotiwa saini Desemba 1921, waliopigana bega kwa bega wakagawanyika. Wapo waliouunga mkono, wapo waliouita usaliti. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaanza Juni 1922 na kuisha Mei 1923, na hakuna mahali ilikopiganwa kwa uchungu kama Kerry. Machi 1923 pale Ballyseedy, kilomita chache kutoka ukumbi huu, wanajeshi wa serikali waliwafunga wafungwa tisa kuzunguka bomu la ardhini na kulilipua. Wanane walikufa. Mmoja, Stephen Fuller, alirushwa na mlipuko akaokoka. Kumbukumbu yake ipo barabarani, mnaipita mkienda Killarney.

Na timu ya Kerry ilikuwa na watu wa pande zote mbili. John Joe Sheehy wa Mitchels, mtaa wa Boherbee, alikuwa kamanda wa waliopinga mkataba. Con Brosnan wa Moyvane alikuwa ofisa wa jeshi la serikali, yaani jeshi lililokuwa likimsaka Sheehy. Inasimuliwa hapa mpaka leo kwamba katika fainali ya mkoa wa Munster ya 1924, Brosnan alitoa dhamana kwamba Sheehy asiguswe. Sheehy akatokea katikati ya watazamaji akiwa na nguo za kiraia, akavua koti, akacheza, na mechi ilipoisha akapotelea tena kwenye umati. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi sana, na visa vya namna hiyo hunenepa njiani. Lakini kwamba hao wawili walicheza pamoja wakati huo, na wakashinda pamoja, halina ubishi.

Sasa njooni 1931. Kerry ilikuwa imeshinda 1929 na 1930. Mwaka 1929 nahodha alikuwa Joe Barrett wa Rock Street, kwa kuwa klabu yake ilitwaa ubingwa wa kaunti 1928. Mwaka 1930 akawa Sheehy, kwa kuwa Mitchels walitwaa 1929. Kisha Rock Street, ambao sasa waliitwa Austin Stacks, wakachukua ubingwa wa 1930. Unahodha wa 1931 ukarudi kwa Barrett, kwa haki kabisa, hakuna wa kumuuliza.

Barrett alikuwa mtu wa upande ulioshindwa. Alikuwa amefungwa na serikali wakati wa vita. Klabu yake ilijaa watu kama yeye, na ilibeba jina la mmoja wa viongozi wakubwa wa waliopinga mkataba, ambaye kaburi lake lilikuwa halijazeeka. Barrett akauchukua unahodha ule akampa Con Brosnan, aliyekuwa ofisa wa jeshi lililomfunga. Si kila mtu Rock Street aliyemshukuru. Wapo waliomwona amekanyaga makaburi. Hata hivyo Brosnan aliiongoza Kerry 1931, wakashinda. Mwaka huo huo Stacks wakatwaa tena ubingwa wa kaunti, kwa hiyo 1932 Barrett akarudi kwenye unahodha wake, na Kerry ikatimiza mataji manne mfululizo.

Fikirini kama unahodha ungekuwa wa kocha au wa kamati. Kamati ikimteua ofisa wa jeshi, watu wangeiita amri ya wakubwa, wangeinung'unikia kisha wakaisahau. Barrett aliweza kutoa kwa sababu alichotoa kilikuwa chake. Kilichumwa na klabu yake kwenye matope ya ubingwa wa kaunti, mbele ya majirani zake wale wale watakaomnyima salamu kanisani. Ndiyo maana huwa sina haraka ya kuwacheka wanaoulinda utaratibu huu, ingawa kwa akili ya kawaida hauna mashiko.

Tuupe mpira nafasi kidogo sasa. Nimemtaja J.P. O'Sullivan wa Laune Rangers. Mwanawe, Dakta Éamonn O'Sullivan, alikuwa daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili Killarney, na ndiye aliyeifundisha Kerry iliposhinda mataji manane kati ya 1924 na 1962. Uwanja wa Fitzgerald Stadium wa Killarney, uliofunguliwa 1936, ulichimbwa na kusawazishwa pamoja na wagonjwa wa hospitali hiyo, kwa kuwa daktari aliamini kazi ya mikono ni sehemu ya tiba. Majengo ya hospitali ya zamani yako jirani na uwanja, na milima unaiona kwa mbali. Jina la uwanja ni la Dick Fitzgerald wa Dr Crokes, nahodha wa Kerry 1913 na 1914, miaka ambayo Crokes walikuwa hawashikiki kwenye ubingwa wa kaunti.

Mji wa Dingle nao walikuwa na zama zao, mataji sita kati ya 1938 na 1948. Mitchels wakatwaa matano mfululizo, 1959 hadi 1963, na katikati ya mbio hizo, 1962, unahodha wa Kerry ukaangukia kwa Seán Óg Sheehy, mtoto wa yule yule John Joe. Miji ina wachezaji wengi, hilo halishangazi. Lakini Kerry ina watu takriban 156,000 tu, na sehemu kubwa yao wametawanyika kwenye rasi na mabonde ambako parokia nzima inahangaika kupata vijana 15 wa kujaza timu. Hao wangeshindanaje na Tralee na Killarney?

Jibu la Kerry ni wilaya. Klabu ndogo, zile zisizo za daraja la juu, hucheza mashindano ya madaraja yao wenyewe. Lakini ubingwa wa kaunti unapofika, wachezaji wao huungana kwenye timu ya wilaya: East Kerry, South Kerry, Mid Kerry, West Kerry, Feale Rangers, Shannon Rangers na nyinginezo. Jumamosi hii mnapigana viwiko, wiki ya pili mnavaa jezi moja. Hakuna aliyezoea Kerry anayeliona hilo kuwa la ajabu.

Bila wilaya, kisiwa cha Valentia kisingetoa nahodha. South Kerry walitwaa ubingwa 1958, na 1959 unahodha ukaenda kwa Mick O'Connell wa Valentia, ambaye wazee wa hapa wanaapa hajatokea kiungo aliyedaka mpira angani kama yeye. Kerry ilishinda fainali. O'Connell aliumia goti akatoka kabla mechi haijaisha, kisha akaondoka kwenda zake. Kombe lilisahaulika kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Inasimuliwa kwamba yeye alivuka maji kwa mtumbwi usiku ule ule kurudi nyumbani, daraja likiwa bado halijajengwa. Nahodha wa leo asingethubutu, wadhamini wangemtafuta kwa helikopta.

Na East Kerry waliweka rekodi ambayo hakuna wa kuwapokonya: ubingwa wa kwanza wa klabu wa Ayalandi nzima, 1971, ni wao, ingawa wenyewe si klabu. Leo hilo haliwezekani. Wilaya ikitwaa ubingwa wa kaunti, haiendi kwenye ubingwa wa klabu wa mkoa wa Munster. Nafasi hiyo hupewa mshindi wa mashindano mengine ya klabu peke yake. Ndiyo sababu utasikia Kerry ina bingwa wa kaunti na bingwa wa klabu, na mgeni akadhani watu wamechanganyikiwa. Klabu halisi za Kerry zilizofika kileleni Ayalandi nzima ni pamoja na Austin Stacks 1977, Dr Crokes 1992 na 2017, na Laune Rangers 1996. Laune Rangers wale wa 1889! Walikuwa wamekaa tangu 1911 bila ubingwa wa kaunti, wakaja kuutwaa tena 1989, karne moja kamili baada ya ule wa kwanza.

Sasa niwape upande wa uchungu, nisionekane mpiga debe.

Nilisema mshike 1-15 kwa 0-17. Kerry ya miaka ya sabini na themanini ndiyo timu bora ambayo mchezo huu umepata kuiona, na kila mwaka nahodha aliamuliwa na ubingwa wa kaunti. Shannon Rangers wakampa Ogie Moran 1978, Feale Rangers wakampa Tim Kennelly 1979, Stacks wakampa Ger Power 1980, Feale Rangers tena wakampa Jimmy Deenihan 1981. Mataji manne mfululizo. La tano, ambalo wakati huo hakuna kaunti iliyokuwa imewahi kulifikia, lilikuwa la 1982, na nahodha akawa John Egan wa Sneem, kwa sababu South Kerry walitwaa ubingwa wa 1981. Dakika mbili kabla ya mwisho Séamus Darby wa Offaly, aliyeingia akitokea benchi, akapiga goli. Offaly 1-15, Kerry 0-17. Pointi moja. Egan alimaliza uchezaji wake na medali sita za Ayalandi nzima, lakini siku ambayo angepanda jukwaani kama nahodha ndiyo siku waliyofungwa. Kwa mfumo huu zamu haisubiri. Mwaka unapita, ubingwa unakwenda kwa wengine, na zamu yako imekwisha.

Mickey Ned O'Sullivan wa Kenmare alikuwa nahodha 1975, na walishinda. Lakini alipigwa katikati ya mchezo akapoteza fahamu, akapelekwa hospitali, na Pat Spillane ndiye aliyepokea kombe. Mwaka 1997 Laune Rangers walimteua Mike Hassett. Akapoteza namba kwenye kikosi, unahodha ukahamia kwa mdogo wake Liam, na kombe likapokelewa na mdogo. Mwaka 2006 Declan O'Sullivan, mteule wa South Kerry, alizomewa na mashabiki wa Kerry wenyewe pale Killarney, akaachwa benchi, kitambaa akapewa Colm Cooper. Siku ya fainali akarudishwa, akafunga goli la kwanza, na wakalinyanyua kombe wawili pamoja. Mwaka 2008 mteule wa Feale Rangers, Paul Galvin, aliangusha kwa kofi daftari la refa na akafungiwa miezi. Kerry ikacheza sehemu kubwa ya kiangazi na nahodha aliye nje ya uwanja. Mwaka 2014 Dr Crokes walikuwa na Kieran O'Leary, aliyekuwa mchezaji wa akiba, kwa hiyo uwanjani akaongoza mwenzake wa klabu Fionn Fitzgerald, na kombe wakapokea wote. Mwaka 2022 Joe O'Connor wa Stacks aliumia mapema, Seán O'Shea akashika usukani, na tena mikono minne kwenye kombe.

Hoja ya wanaotaka mabadiliko mnaielewa bila mimi kuisema. Kocha anatakiwa ashinde, halafu anapewa nahodha ambaye pengine hamhitaji. Mchezaji naye anabebeshwa mzigo ambao hakuuomba, na namba yake ikiyumba, jina la parokia nzima linayumba pamoja naye. Sioni jibu safi kwa hoja hiyo. Ninachoona ni kwamba ubingwa wa kaunti katika kaunti nyingine hupoa mara kombe linapokabidhiwa, wakati hapa watu wanaendelea kuujadili mpaka kiangazi kinachofuata, kwa sababu uamuzi wake bado unatembea uwanjani ukiwa na namba mgongoni.

Mnamjua David Clifford. Hata mama asiyeangalia mpira anamjua, picha yake iko kwenye kila duka. Klabu yake ni Fossa, parokia ndogo kando ya Killarney, na mwaka aliochaguliwa kwa mara ya kwanza mchezaji bora wa mpira huu Ayalandi nzima, 2022, Fossa ilikuwa inacheza kwenye madaraja ya chini, dhidi ya vijana wanaocheza kujifurahisha. Ubingwa wa kaunti aliupata kupitia East Kerry, waliotwaa mara nne kati ya 2019 na 2023, na kwa njia hiyo akapata na unahodha. Kisha 2024 ubingwa ukarudi Dr Crokes, na Julai 2025 Gavin White wa Crokes akapokea Sam Maguire, taji la 39 la Kerry.

Namalizia na swali ambalo kina mama wameniuliza kabla hatujaanza: mtoto ajiunge na klabu ipi? Jibu la kanuni ni kwamba mahali unapolala ndipo klabu yako ilipo. Strand Road ni Kerins O'Rahilly's, Rock Street ni Stacks, Boherbee ni Mitchels. Wengi wenu mnaokaa upande wa kaskazini mwa mji mtajikuta Na Gaeil, klabu changa ambayo haina mashujaa wa 1916 kwenye jina lake. Ndiyo iliyomlea Stefan Okunbor, ambaye familia yake ina asili ya Nigeria, na ambaye amevaa kijani na dhahabu ya Kerry. Na Gaeil hawajawahi kutwaa ubingwa wa kaunti. Siku wakiutwaa watakuwa na nahodha wa kuteua kama walivyokuwa nao Laune Rangers na Stacks, na hakuna kifungu chochote kinachotaja babu yake awe alizaliwa wapi.

Mimi mwenyewe nakaa mtaa gani, sitasema. Kuna chai na mandazi meza ya pembeni. Wenye maswali tutakutana hapo, isipokuwa yale yanayohusu refa wa Jumapili iliyopita.